Nyuso Zisizozeeka

Tarehe 2 Desemba 2023, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, bendi ya Kiss ilihitimisha ziara iliyoitwa End of the Road, yaani mwisho wa safari. Wanamuziki wanne waliojipaka rangi nyeupe na nyeusi usoni walipiga nyimbo zao, wakawaaga watu, wakaondoka jukwaani. Kumbe mambo hayajaisha. Kwenye skrini wakatokea wanne wengine: sura ni zile zile, lakini zimetengenezwa kwa kompyuta, wakubwa kama majitu, wenye vifua vipana na ngozi isiyo na kunyanzi hata moja. Mmoja wao akawatangazia mashabiki kwamba upendo wao umeifanya bendi isife kamwe, na kwamba enzi mpya inaanza.

Tunaliandika jambo hili katika kitabu cha imani kwa sababu habari ya kutokufa inatuhusu. Wengi wetu hatujawahi kusikia hata wimbo mmoja wa bendi hii, ingawa huenda tumekutana na nyuso zake kwenye fulana za mitumba. Hata hivyo kila Jumapili tunasimama na kukiri kwamba tunaamini ufufuo wa mwili na uzima wa milele. Mtu akisimama mbele ya umati na kutangaza kutokufa kwa namna nyingine, ni haki yetu, tena ni wajibu wetu, kuuliza: ni kutokufa kwa aina gani hiko?

Kwanza tuondoe shutuma isiyo ya kweli. Miaka ya 1970 na 1980, Wakristo wengi wa Marekani walieneza habari kwamba herufi za jina la Kiss ni kifupisho cha maneno ya kumtumikia Shetani. Sahani za muziki zilichomwa moto. Bendi yenyewe imekana jambo hilo mara nyingi, na hakuna ushahidi wowote kwamba ni kweli. Tena wanaume wawili walioianzisha, Gene Simmons na Paul Stanley, ni watoto wa familia za Kiyahudi, na mama yake Simmons alinusurika katika kambi za mateso za Wanazi. Sisi tuliolelewa kwa Katekisimo Ndogo ya Luther tunajua amri ya nane inatudai nini: si kuacha kusema uongo tu, bali pia kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa tafsiri iliyo njema. Jirani anayetema damu ya bandia na kupuliza moto jukwaani bado ni jirani. Shutuma za uongo zina hasara nyingine pia: zinatufanya tupigane na kivuli huku swali lenyewe likipita pembeni yetu.

Tuseme pia lililo jema. Ziara hii ilianza Vancouver, Kanada, tarehe 31 Januari 2019. Ilizunguka Amerika ya Kaskazini na ya Kusini, Ulaya, Japani na Australia, ikawa na maonyesho zaidi ya 200. Kwa mtazamo wa sanaa ya jukwaani, ni kazi ya watu wanaoijua kazi yao. Stanley, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 65, alivuka juu ya vichwa vya watu akining'inia kwenye waya, ili wale wa viti vya nyuma nao wamwone kwa karibu. Hilo ni adabu njema kwa mtu aliyelipa tiketi. Simmons aliinuliwa hadi juu ya paa la jukwaa akiwa na gitaa lake la besi. Mwishoni vipande vya karatasi vilimwagwa kama mvua, na watu waliowapenda tangu utotoni waliimba pamoja na watoto na wajukuu wao. Luther aliuhesabu muziki kuwa zawadi ya Mungu na kuuweka karibu sana na theolojia. Furaha ya namna hiyo hatuidharau, hata kama muziki wenyewe ni mzito kwa masikio yetu.

Hoja yetu basi haihusu kelele wala rangi. Inahusu uso.

Bendi ilipoanza New York mwaka 1973, kila mmoja alikuwa na uso wake: Simmons pepo, Stanley mtoto wa nyota, Ace Frehley mtu wa anga za juu, na Peter Criss paka. Zilikuwa nyuso za watu wanne. Baadaye Frehley na Criss waliondoka, wakarudi, wakaondoka tena. Katika ziara hii ya mwisho, uso wa mtu wa anga za juu ulivaliwa na Tommy Thayer, na uso wa paka na Eric Singer. Wote wawili ni wanamuziki hodari na hatuwalaumu kwa kufanya kazi waliyopewa. Lakini tazama kilichotokea: uso ulibaki, mtu akabadilishwa. Shabiki aliyekaa mbali asingejua tofauti, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Miaka ya nyuma mambo yalikuwa mengine. Eric Carr alipoingia mwaka 1980 kupiga ngoma, alipewa uso mpya wa mbweha; na alipofariki kwa saratani mwaka 1991, hakuna mtu aliyeuvaa tena uso huo. Wakati ule walau kaburi la mtu liliheshimiwa kwa kuliachia uso wake.

Mtume Paulo anatusaidia hapa. Katika 2 Wakorintho 3 anaeleza kwamba Musa alitia utaji usoni pake ili wana wa Israeli wasiuone mwisho wa ule utukufu uliokuwa ukififia. Ni neno la kushangaza. Utaji haukuficha aibu, ulificha kufifia. Rangi za usoni za Kiss zilianza kama mchezo na ubunifu, lakini kadiri miaka ilivyokwenda zilipata kazi hiyo ya pili. Chini ya rangi mtu huzeeka, na anayetazama haoni. Avata za kompyuta ni utaji huohuo uliokamilika: sasa chini ya uso hakuna tena mtu wa kuzeeka. Lakini Musa mwenyewe alikufa, Kumbukumbu la Torati 34 inatuambia, na Israeli wakamlilia siku thelathini. Kisha Yoshua akaongoza kwa uso wake mwenyewe. Hakuvaa utaji wa Musa.

Mwili lakini haukubali kusahauliwa, na ziara yenyewe ilishuhudia hivyo. Awali ilitangazwa kwamba ingeisha Julai 2021. Machi 2020 janga la UVIKO-19 likaisimamisha. Iliporudi Agosti 2021, Stanley na Simmons waliugua, maonyesho yakaahirishwa. Oktoba mwaka huohuo fundi wa magitaa aliyemhudumia Stanley kwa miaka mingi alifariki kwa ugonjwa huo, akiwa safarini na bendi. Huyo hakuwa na uso wa kupaka rangi. Watu waliokuja ukumbini hawakumjua, ila gitaa walilolisikia lilikuwa limepita mikononi mwake. Tukisikia avata ikitangaza kutokufa, na tumkumbuke fundi yule, tuulize: je, na yeye yumo? Jibu ni kwamba hayumo. Kutokufa huku ni kwa wale ambao sura zao zinauzika. Aprili 2024 kampuni ya Pophouse ya Sweden, iliyoshiriki kutengeneza avata hizo, ilinunua nyimbo, jina na sura za bendi kwa kiasi kilichoripotiwa kuzidi dola milioni 300. Biashara ya halali si dhambi. Lakini uzima unaoweza kununuliwa na kuuzwa ni mali, na mali hubadilisha mikono. Kisha Oktoba 2025 Ace Frehley, mwenye ule uso wa kwanza wa mtu wa anga za juu, akafariki akiwa na miaka 74. Uso wake una mwenyewe mwingine. Yeye ana kaburi.

Kuna habari moja katika maisha ya Paul Stanley ambayo tunaiona ina uzito kuliko onyesho lote. Alizaliwa mwaka 1952 akiwa na sikio la kulia lisilokamilika, na upande huo hasikii. Watoto wenzake walimcheka. Alikuza nywele zikalifunika, kisha akapata rangi ya kufunika uso. Baada ya miaka mingi aliamua kusema wazi, akaandika kitabu kuhusu maisha yake, na akashirikiana na shirika linalohudumia watoto waliozaliwa na nyuso zenye kasoro. Mtoto anayechekwa shuleni kwa ajili ya sikio lake hafarijiwi na jitu la kompyuta lenye ngozi laini. Anafarijiwa na mtu mzima anayemwambia: nami nilizaliwa hivyo, tazama.

Hapo ndipo Injili inaposimama. Siku ile ya ufufuo Bwana wetu angeweza kuja na mwili usio na alama yoyote. Alikuja na makovu. Aliwaonyesha wanafunzi mikono na miguu yake, akamwita Tomaso aweke mkono wake ubavuni. Tunaisoma habari hii katika Luka 24 na Yohana 20, na tukiisoma haraka tunaipita hazina. Makovu hayakufutwa kwa sababu ndiyo yaliyobeba upendo wake. Kristo mfufuka ni yuleyule aliyeteswa, na ndiyo maana anaweza kutusamehe sisi tuliomtesa. Ufufuo tunaoungoja hautupi sura nzuri zaidi huku ukimwacha mtu nyuma. Unamrudisha mtu mwenyewe, pamoja na historia yake yote iliyoponywa. Tena hauchagui wenye majina. Fundi wa magitaa yumo katika ahadi hiyo sawasawa na mwenye gitaa.

Mambo haya hayako mbali nasi. Leo kuna programu zinazoweza kuiga sauti ya marehemu, zikaisemesha maneno ambayo hakuwahi kusema. Siku si nyingi mjane au yatima wa sharika zetu ataletewa jambo hili, na atamuuliza mchungaji au mzee wa kanisa kama ni sawa. Tusimjibu kwa kumtisha na pepo. Tumwambie kwamba picha ya mama ukutani ni njema, na video ya harusi yake ni njema, kwa kuwa zinatukumbusha mama aliyekuwapo. Lakini sauti inayotungwa haiwezi kutusamehe, wala hatuwezi kuiomba msamaha. Itamwambia yatima kile anachotaka kusikia, na hivyo itamzuia asilie kilio anachostahili kulia, kilio kile ambacho Israeli walipewa siku thelathini kukimaliza. Mchungaji anapotupa udongo kaburini mara tatu, hasemi kwamba marehemu anaendelea tu kwa namna nyingine. Anakiri kwamba mtu huyu amekufa kweli, na kwamba yuko Mmoja awezaye kumwita kwa jina.

Hata uongozi wetu unahusika. Mwalimu wa kwaya asiyetaka kumwachia kijana fimbo ya kuongozea, mzee wa baraza anayeona usharika utakwisha bila yeye, na mchungaji anayehesabu siku za kustaafu kama siku za msiba, wote wanavaa utaji wa kuficha kufifia. Paulo anasema hazina yetu imo katika vyombo vya udongo. Chombo cha udongo hupasuka, na si aibu kwake kupasuka. Aliyekiumba anajua alikifanya kwa udongo gani.

Kiss waliita ziara yao mwisho wa safari, kisha wakashindwa kuuacha mwisho uwe mwisho. Hatuwacheki. Anayeogopa kuaga ameona jambo la kweli, kwamba mauti ni adui. Kosa liko katika dawa aliyoichagua. Sisi tuliobatizwa katika mauti ya Kristo tumepewa ruhusa ya kuzeeka mbele za watu, kukabidhi kazi, kuaga kwa machozi na kulala, nyuso zetu zikiwa wazi.