Kambi ya Likizo ya Bruda Colm

Sekondari niliyosoma, hapa hapa uwanda wa Makonde, timu ya riadha ilikuwa inapatikana kwa jioni moja. Wiki moja kabla ya mashindano mwalimu wa zamu anapuliza filimbi, mnapangwa mstari kwenye mchanga, mnakimbia mpaka mkorosho wa mwisho na kurudi. Wanne wa mwanzo ndio timu. Nilikuwa wa tano, na miaka mingi niliamini kwamba mkimbiaji huzaliwa hivyo alivyo, kazi ya mwalimu ni kumwokota tu.

Aliyenitoa kwenye imani hiyo ni Bruda Colm O'Connell wa Iten, Kenya. Ni mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland, wa shirika la Patrician Brothers, aliyefika shule ya wavulana ya St. Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia. Riadha hakuijua, wala ukocha hakuusomea. Timu ilikuwa chini ya Mwingereza Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyetamba katika mbio ndefu miaka hiyo. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia bruda. Miaka 12 baada ya kufika kwake, kijana aliyepita mikononi mwake, Peter Rono, alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul akiwa na miaka 21.

Ukilisimulia hilo kijiweni utajibiwa neno moja: mwinuko. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mwili unaokulia kwenye hewa nyepesi namna ile hujifunza kubeba oksijeni vizuri. Sibishi. Sisi hata ukisimama Newala ukingoni, ukaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, mita 1,000 hujafika. Tena shule yenyewe haikuwa ngeni kwa medali: Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alisoma pale kabla bruda hajaijua njia ya kwenda Iten.

Lakini waangalie wasichana. Walizaliwa vijiji vile vile, wakavuta hewa ile ile, wakapanda milima ile ile kwenda shule. Mpaka mwaka 1990 hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa na medali ya mashindano ya dunia ya riadha ya wakubwa uwanjani. Mwaka 1989 bruda alianzisha kambi ya vijana wakati wa likizo, na wasichana wakaingizwa ingawa shule yake ilikuwa ya wavulana. Mmoja wa waliotoka katika kambi zake, Lydia Cheromei, alishinda mbio za nyika za dunia za vijana mwaka 1991 akiwa na miaka 13. Janeth Jepkosgei akaja kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 kule Osaka mwaka 2007. Hewa haikubadilika kati ya miaka hiyo. Kilichoongezeka ni kambi.

Nayo kambi, ukiifumua, haina uchawi. Inafuata kalenda ya shule. Muhula ukifungwa mtoto hana vipindi wala mitihani, anaweza kufanya mazoezi, kula na kulala, na kulala ndiko kunakojenga mwili wa mkimbiaji. Watoto wanatoka shule mbalimbali, kwa hiyo aliyekuwa wa kwanza kwao anakutana na wenzake waliokuwa wa kwanza kwao. Kisha kuna jicho la mwalimu. Bruda hutumia muda mwingi kutazama: mguu unavyotua, mkono unavyokwenda, bega limepanda au limelegea. Vikundi vyake ni vidogo, na mazoezi mengi ni ya mwendo wa taratibu, ili kosa lionekane kabla kasi haijalificha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni David Rudisha. Alipofika kwake alikuwa kijana mrefu wa mita 400, anayejaribu pia dekathloni, shindano la michezo kumi. Bruda akampeleka mita 800. Sasa tazama fainali ya Olimpiki ya London, tarehe 9 Agosti 2012. Rudisha aliongoza tangu mwanzo, bila mtu wa kumvutia kasi. Mzunguko wa kwanza alitumia sekunde 49.28. Mita 200 zilizofuata, pale ambapo wengi hupumzika kidogo wakijiandaa kwa mwisho, alizikata kwa sekunde 25 tu. Za mwisho zikamchukua 26.6, akamaliza kwa 1:40.91, rekodi ya dunia.

Umeona hesabu hiyo? Alimaliza akiwa anapungua mwendo. Katika mita 800 zinazokimbiwa kwa kasi ile, kila mtu hupungua, na mshindi ni yule anayepungua kidogo kuliko wenzake. Anayechoka vibaya hutupa kichwa nyuma, mabega yanapanda masikioni, mikono inapiga maji. Rudisha, hata mita 50 za mwisho zilipokuwa zinamuuma waziwazi, kiwiliwili kilibaki wima. Hapo ndipo unapoyaona yale mazoezi ya taratibu ya Iten.

Turudi nyumbani. Mwaka 2021 fainali za taifa za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, zilifanyika Mtwara, saa chache tu kutoka hapa Tandahimba. Mashindano yalitufikia karibu; swali ni kambi. Kambi ya likizo ya Desemba kwetu ni ngumu, maana korosho zinaokotwa na kila mkono unahitajika shambani. Juni nayo salfa inapulizwa, na mashindano yenyewe huwa karibu na mwezi huo. Kwa hiyo kuiga kalenda ya Iten kama ilivyo ni kujidanganya. Zinabaki likizo fupi za Aprili na Septemba, siku chache lakini zinatosha kumjua mtoto anakimbiaje. Mchanga wetu unachosha miguu, ila kwa mwendo wa taratibu hauna ubaya.

Walimu wa michezo wa Tandahimba, Newala na Masasi, naomba jambo moja. Likizo fupi ijayo chukueni watoto sita, watatu wasichana, kutoka shule tatu tofauti. Saa ya kupimia iacheni ofisini kwa siku tatu za kwanza. Na yule wa tano naye mwiteni.