Kabla Hajawa Ndugu Yetu: Neno juu ya "The Metal Opera"

Kijana mmoja wa kwaya hapa Igamba alinipa simu yake akasema, "Mchungaji, sikiliza hii." Ilikuwa albamu ya Avantasia, kazi ya Mjerumani Tobias Sammet, iliyotoka 2001, sehemu ya pili ilifuata 2002. Ni muziki wa metali: magitaa yanakwenda kasi, kwaya inapaza sauti, na kila mhusika ana mwimbaji wake, kama igizo letu la Pasaka. Ni kazi nzuri.

Mwaka 1602, mjini Mainz, mnovisi Gabriel anasaidia kuwasaka wachawi. Siku moja anamkuta dada yake wa kambo, Anna, miongoni mwa washtakiwa. Ndipo anaanza kuuliza maswali.

Hapo pananichoma. Mbona hakuuliza mapema? Nasi bibi wa jirani akinyoshewa kidole kwa macho yaliyoiva moshi wa kuni, tunanyamaza. Akiwa mama yetu, tunalia.

Udhaifu wa hadithi ni kuwatwika maaskofu wa Roma lawama zote. Walutheri tusifurahie: mwaka 1526 Luther mwenyewe alihubiri kwamba wachawi wauawe. Tutubu nasi.

Tena, Gabriel anavuka hadi ulimwengu wa kubuni ili Anna aokolewe. Yesu alisimama palepale hekaluni, kati ya mwanamke na mawe. Sisi tunatakiwa kuvuka barabara tu, tukaketi barazani kwa yule bibi, mchana, watu wakiona.