Kutoka Ua la Duara Hadi Mraba: Blanketi la Vipande 99 Linavyofumwa

Blanketi la kroshia la vipande vya maua husifiwa kwa maua yake, na ni haki yake. Mgeni akiliona limetandikwa kwenye kochi, kidole chake huenda moja kwa moja kwenye petali. Kwa mfumaji, hata hivyo, kazi yenyewe iko kwenye mzunguko mmoja, ule unaolichukua ua la duara na kulipa kona nne. Hesabu ya mzunguko huo ikiharibika, vipande hujikunja, kimoja kikawa kikubwa na kingine kidogo, na hakuna pindo litakaloviokoa. Huo ndio mzunguko ninaotaka kuuchambua kwa kirefu, pamoja na yale yanayoutegemea.

Blanketi la mfano wetu lina vipande 99, yaani tisa kwa upana na kumi na moja kwa urefu. Kila kipande kina sentimita 12 kila upande, kwa hiyo kabla ya pindo blanketi lina upana wa sentimita 108 na urefu wa sentimita 132. Linafunika vizuri magoti ya mtu mzima au kitanda cha mtoto. Uzi ni akriliki ya unene wa wastani, ule unaofumwa kwa sindano ya milimita 4. Kila kipande kina rangi tatu: ya ua, kijani cha majani, na krimu inayozunguka nje. Rangi za maua hubadilika kutoka kipande hadi kipande. Kijani na krimu ni zilezile mwanzo hadi mwisho.

Mbinu mbili za zamani zinakutana hapa. Ya kwanza ni mraba wa mafungu ya mishono mitatu mitatu, ambao wafumaji wengi wanaufahamu kama mraba wa bibi. Maelezo yake yalichapishwa Marekani mwaka 1885 katika Prairie Farmer, gazeti la wakulima la Chicago, na umaarufu wake ulitokana na jambo moja la nyumbani: unamaliza mabaki ya uzi. Ya pili ni waridi lenye petali zilizoinuka, linalotoka Ireland. Wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, baada ya ugonjwa wa viazi kuharibu mavuno, watawa na wanawake wenye uwezo waliwafundisha maskini kufuma lesi ya kroshia ili wapate fedha ya chakula. Katika lesi hiyo mtu mmoja alifuma mawaridi, mwingine majani, na mwingine akaviunganisha vyote. Kazi iliyokatwa vipande hivyo ingeweza kufanywa kwenye kibanda chochote, popote palipokuwa na mwanga kidogo na mikono miwili. Mfumaji wa blanketi la maua anafaidika na mpangilio huohuo: kipande kinaingia kwenye mkoba, kinafumwa kwenye daladala au kwenye foleni ya zahanati, na blanketi zima halihamishwi mpaka lifikie kuunganishwa.

Tuingie kwenye ua. Mishono inayohitajika ni mitatu. Mshono mfupi huvutwa bila kuzungusha uzi kwenye sindano kwanza. Mshono mrefu huanza kwa kuzungusha uzi mara moja, kisha vitanzi hutolewa viwili viwili kwa mara mbili. Mshono wa kati huanza kama mrefu, lakini vitanzi vyote vitatu hutolewa kwa pamoja. Anza na cheni sita zilizofungwa kuwa duara. Mzunguko wa kwanza ni mishono mirefu minane, kila mmoja ukifuatiwa na cheni mbili. Unapata madirisha manane. Mzunguko wa pili, kila dirisha linapata petali: mfupi mmoja, wa kati mmoja, mirefu mitatu, wa kati mmoja, mfupi mmoja. Mishono saba kwa petali, 56 kwa mzunguko.

Mzunguko wa tatu ndio unaoliinua ua. Kunja petali zije upande wako, pitisha sindano kwa nyuma kuzunguka shina la ule mshono mrefu wa mzunguko wa kwanza, na fuma cheni nne hadi shina linalofuata. Petali zikirudi mahali pake, vitanzi hivyo vinane havionekani tena. Mzunguko wa nne unafuma petali kubwa juu ya vitanzi hivyo, safari hii zikiwa na mishono mirefu mitano badala ya mitatu, hivyo petali moja ina mishono tisa na mzunguko mzima 72. Mzunguko wa tano unarudi nyuma tena, cheni tano kwa kila kitanzi. Ua limekamilika, na nyuma yake kuna vitanzi vinane vilivyojificha, vinavyosubiri kubeba mraba.

Kwa nini vinane? Waridi la Ireland mara nyingi hufumwa kwa petali sita, na petali sita zinapendeza mno. Lakini sita haigawanyiki kwa nne. Ua la petali sita linazaa kwa urahisi kipande cha pembe sita. Ukililazimisha liwe mraba, kona mbili zitaangukia juu ya kitanzi na mbili zitaangukia katikati ya vitanzi, na jicho litaona kwamba ua limekaa upande hata kama halijui kwa nini. Petali nane zinatoa kitanzi cha kona, kitanzi cha ubavu, kitanzi cha kona, kitanzi cha ubavu, mpaka duara liishe. Ndiyo sababu naona petali nane ni sharti la kazi hii, wala si suala la kupenda.

Sasa mzunguko wa sita, kwa kijani. Kitanzi cha ubavu kinapata fungu moja la mishono mirefu mitatu. Kitanzi cha kona kinapata mafungu mawili yaliyotenganishwa na cheni tatu. Kati ya fungu na fungu weka cheni moja. Hesabu: kona nne mara mafungu mawili ni manane, ongeza mafungu manne ya ubavu, jumla mafungu 12, mishono mirefu 36. Mfumaji aliyezoea mraba wa bibi atalitambua jibu hilo mara moja. Mraba wa kawaida huanza na mafungu manne na kuongeza manne kila mzunguko: manne, manane, kumi na mawili. Maana yake ni kwamba ua zima, pamoja na ghorofa zake mbili za petali, limechukua nafasi ya mizunguko miwili ya mraba wa kawaida, na kijani kimeketi mahali pa mzunguko wa tatu. Kuanzia hapo hakuna siri tena. Krimu inafuma mizunguko mitatu, mafungu 16, 20, kisha 24, na kipande kinaishia kwenye mafungu sita kila upande. Fungu moja likiwa na upana wa karibu sentimita 2, upande unakuwa sentimita 12.

Hesabu hiyohiyo ndiyo kipimo cha ugonjwa kipande kinapokataa kulala. Vitanzi vinane vya nyuma vinasimama badala ya mzunguko wa pili wa mraba wa kawaida, wenye mafungu manane ya sentimita 2, yaani mzingo wa sentimita 16. Basi kila kitanzi kinapaswa kuwa karibu na sentimita 2. Kama mkono wako unakaza na cheni tano zinatoa sentimita moja na nusu, kijani kitabanwa na kipande kitasimama kama bakuli. Fuma cheni sita. Kama mkono unalegeza, kijani kitacheza na ua litaning'inia katikati ya matundu. Fuma cheni nne. Pima kwa rula kwenye kipande cha kwanza kabla ya kufuma cha pili, halafu iandike idadi uliyoichagua.

Wafumaji wa Afrika Mashariki waliojifunza kwa vitambaa vya makochi na vya meza wanapaswa kuwa waangalifu hasa hapa. Kitambaa cha meza hutiwa wanga, hunyooshwa kikiwa kibichi, na kikikauka kinatulia hata kama mzunguko mmoja ulikuwa na mishono michache kupita kiasi. Blanketi halitiwi wanga. Linakunjwa, linafuliwa, linavutwa na watoto, na kila kosa la hesabu linarudi juu baada ya kila ufuaji.

Kuhusu uzi wa kununua, usikisie. Fuma vipande kumi, kisha vipime kwa mizani ya jikoni kwa pamoja, maana kipande kimoja ni chepesi mno kwa mizani hiyo. Ni bora zaidi upime donge la kila rangi kabla na baada. Tuseme vipande kumi vimekula gramu 30 za rangi za maua, 10 za kijani na 50 za krimu. Kwa vipande 99 utahitaji gramu 297, 99 na 495. Kijani hicho kinatosha kwenye donge la gramu 100 kwa hesabu ya karatasi tu. Mwenye busara hununua mawili. Krimu ndiyo ya kuogopa, kwa sababu inaonekana kila mahali na pindo nalo litaidai. Inunue yote siku moja na hakikisha namba ya toleo la rangi kwenye lebo za madonge yote ni moja. Madonge ya krimu yaliyotiwa rangi siku tofauti yanafanana dukani na kutofautiana juani.

Ncha za uzi nazo zina hesabu yake. Rangi tatu ni ncha sita kwa kipande, yaani 594 kwa blanketi. Ukiongeza kitovu cha njano, jambo linalowavutia wengi, unaongeza ncha 198. Mimi ningekiacha, waridi lenye petali za ghorofa mbili halihitaji kitovu ili lijulikane kuwa ni waridi. Acha ncha ya sentimita 15, ipitishe kwa sindano butu ya kushonea ndani ya mishono ya rangi yake, kisha irudishe upande ilikotoka. Ncha iliyoenda upande mmoja tu hutoka kwenye ufuaji wa mwanzo, hasa uzi wa akriliki, maana unateleza.

Kuunganisha ndiko kunakowashinda wengi, na ukikutazama kwa namba utaelewa sababu. Vipande 99 vina kingo 178 zinazokutana ndani ya blanketi. Kila ukingo ni sentimita 12, kwa hiyo kushona tu ni zaidi ya mita 21. Ndiyo maana kabati nyingi zina mfuko wa vipande vilivyokamilika na blanketi ambalo halijawahi kuwa blanketi. Njia ninayoiamini ni kuunganisha ndani ya mzunguko wa mwisho. Fuma vipande vyote 99 mpaka mzunguko wa nane, ficha ncha zilizopo, halafu vitandaze sakafuni. Vipange, simama kwenye kiti, vipige picha kwa simu na uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Mawaridi meupe yaliyorundikana upande mmoja, au meusi yaliyosongamana, yataonekana hapo hata kama rangi zilikuwa zimekudanganya. Ukiridhika, andika mpangilio kisha fuma mzunguko wa tisa, kipande kwa kipande. Badala ya cheni moja kati ya mafungu, ingiza sindano kwenye nafasi ya kipande jirani, vuta uzi, na endelea. Kwenye kona, cheni ya katikati kati ya zile tatu inachukuliwa na muungano.

Kuna pointi 80 ambapo kona nne hukutana, na hapo ndipo blanketi la fundi hujulikana. Kipande cha tatu na cha nne visiunganishwe na kona iliyo mkabala kwa kurukia tundu. Vyote vipitishwe kwenye ule muungano wa vipande viwili vya kwanza, ili kona zote nne zishikane kwenye fundo moja. Hivyo pointi inakaa bapa na haiachi tundu la kupitisha kidole.

Pindo ni kazi fupi. Mzunguko mmoja wa mishono mifupi kwanza: upande wa kipande una mishono mirefu 18 na nafasi tano, basi mishono 23, na pale vipande viwili vinapoungana ongeza miwili. Pindo likitoa mawimbi, mishono imezidi. Likivuta kona ndani, imepungua. Akriliki isiguswe na pasi, maana joto huilainisha na hairudi tena. Mvuke kutoka mbali kidogo unatosha.

Kabla ya kutaja bei, jumlisha. Mzunguko wa kwanza 8, petali 56 na 72, kijani 36, krimu 48, 60 na 72: mishono 352 kwa kipande kimoja. Kwa vipande 99 ni mishono 34,848, bila cheni, bila muungano, bila pindo. Hakuna mashine ya kiwandani inayofuma kroshia halisi mpaka leo, kwa hiyo kila blanketi la namna hii lililowahi kuuzwa, sokoni Kariakoo au dukani London, lilipita mshono kwa mshono kwenye mkono wa mtu. Fundi, andika hesabu hiyo kwenye karatasi na umwonyeshe mteja pamoja na gharama ya uzi. Na wewe mnunuzi, ukitaka kuomba punguzo, isome karatasi hiyo kwanza.