Angkor: Wafalme Wana Majina, Mama wa Sokoni Hana

Shuleni tulizoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani. Mwalimu anaandika ubaoni "fani" upande huu na "maudhui" upande ule, nasi tunajaza. Leo naomba kukiuka utaratibu kidogo. Nitahakiki ziara. Ndiyo, ziara ya watalii: ile ya siku tatu ya kuzungushwa kwenye mahekalu ya kale ya Wakhmer huko Angkor, karibu na mji wa Siem Reap nchini Kambodia, ambayo humalizikia kwenye vijiji vya wenyeji.

Utaniuliza: wewe umefika? Sijafika. Nauli yenyewe ni ndoto. Lakini ratiba za ziara hizi zinafanana kama sare za shule, na vitabu vilivyozizaa vinasomeka. Sihakiki mawe, nahakiki hadithi inayosimuliwa juu ya mawe. Na hadithi ni hadithi tu, iwe imechapwa kitabuni au inatoka mdomoni mwa mwongoza watalii.

Tuanze na muundo. Ni wa moja kwa moja, ule tunaouita msago. Siku ya kwanza mgeni anaamshwa usiku, anapelekwa Angkor Wat kungojea jua. Hekalu hilo lilijengwa zama za mfalme Suryavarman wa Pili, nusu ya kwanza ya karne ya 12, kwa ajili ya mungu Vishnu wa Wahindu. Linatazama magharibi, kwa hiyo jua linachomoza mgongoni mwake na minara mitano inabaki myeusi mbele ya anga jekundu. Mchana ni Angkor Thom na hekalu la Bayon lenye nyuso kubwa za mawe, kisha Ta Prohm, pale mizizi ya miti ilipozikumbatia kuta. Siku ya pili ni Banteay Srei, hekalu dogo la mawe mekundu. Siku ya tatu ni boti kwenye ziwa la Tonle Sap kutazama nyumba zilizosimama juu ya miti. Kiingilio cha siku tatu kilipandishwa mwaka 2017, kikawa dola 62 za Marekani.

Kwa upande wa fani, hapana ubishi, huyu msimulizi ni fundi. Mwanzo wake ni giza linalogeuka mwanga. Nani kati yetu hatamani kufungua riwaya namna hiyo? Taharuki ipo na mandhari ipo. Tatizo langu liko kwenye wahusika.

Hebu wahesabu. Suryavarman wa Pili ana jina. Jayavarman wa Saba, aliyeanza kutawala mwaka 1181 na kujenga Bayon na Ta Prohm, ana jina. Miungu wote wana majina. Wengine je? Wengine ni "wajenzi", ni "watumwa", ni "wenyeji". Wanapita nyuma ya jukwaa wamebeba mawe, wanatoweka. Siku ya tatu wanarudi: mama anayesuka kikapu, mtoto anayecheka ndani ya mtumbwi. Hawa ndio wale tuliofundishwa kuwaita wahusika bapa. Hawabadiliki, hawana mgogoro, hawasemi neno.

Kasoro hii haikuanza na mwongoza watalii. Imerithiwa kutoka kwa waandishi, na ndiyo maana inatuhusu sisi.

Chukua Henri Mouhot, Mfaransa aliyekuwa akitafiti wanyama na mimea. Alifika Angkor Januari 1860, akafariki huko Laos mwaka 1861. Maandiko yake yalichapishwa Ulaya baada ya kifo chake, na wasomaji wa huko wakakipenda mno kisa cha mji uliopotea msituni. Mji uliopotea! Umempotea nani? Angkor Wat haikuachwa kabisa. Iligeuka kuwa mahali pa ibada ya Wabudha, na watawa walikuwa wakiishi pale. Mwaka 1632 mhujaji kutoka Japani aliandika jina lake kwa wino kwenye nguzo ya hekalu. Hata padri mmoja Mfaransa, Bouillevaux, alikwishatembelea magofu hayo miaka kumi kabla ya Mouhot. Kwa kupotea huko kunakosemwa, wenye mji hawakuwa na habari nako.

Kuna jambo jingine la Mouhot linaloniuma zaidi. Aliwauliza watu wa pale nani kajenga mahekalu haya. Wakamjibu kwamba ni kazi ya majitu, au ya mfalme wa malaika. Yeye akayachukua majibu hayo kuwa dalili kwamba watu hawa hawajui lolote. Jamani! Umesafiri miezi na miezi, umemkuta mtu ana hadithi ya majitu mdomoni, halafu humwombi aimalize? Mwandishi wa kweli angeketi chini, akaomba maji ya kunywa, akasikiliza mpaka usiku.

Hicho kisa cha kupotea ndicho kinachouzwa mpaka leo pale Ta Prohm. Mgeni anaamini kwamba msitu umeachwa kwa bahati mbaya. Wapi! Wataalamu wa Kifaransa waliokarabati mahekalu mengine ndio walioamua hili moja libaki na miti yake, lifanane na siku lilipoonekana na macho ya Ulaya. Ile ni mandhari iliyotunzwa, mfano wa pazia lililochorwa la jukwaani. Sisemi ni vibaya. Nasema msimulizi angetuambia.

Sasa mfano wa pili, na huu uwaguse hasa vijana wenzangu wenye ndoto ya kuandika riwaya. Mwezi Desemba 1923 kijana Mfaransa wa miaka 22, André Malraux, alikwenda Banteay Srei na wenzake, wakang'oa michongo ya mawe ili wakaiuze. Walikamatwa Phnom Penh. Mwaka 1924 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, alipokata rufaa kikapunguzwa kikawa cha nje, asikae gerezani. Mwaka 1930 akatoa riwaya, La Voie royale, kuhusu wazungu wawili wanaopenya misitu ya Indochina kutafuta michongo ya mahekalu. Na kuanzia 1959 hadi 1969 alikuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa! Ingekuwa hadithi ya kubuni, mhariri angemwambia mwandishi apunguze chumvi.

Riwaya hiyo ina nguvu, siwezi kuikana. Inauliza mwanadamu afanye nini mbele ya kifo. Lakini maswali hayo makubwa yote wanaulizwa wazungu. Wenye nchi ni vibarua wa njia, ni hatari, ni kelele za porini. Wakati Banteay Srei yenyewe ingempa kisa kingine kabisa: ilizinduliwa mwaka 967, na aliyeijenga hakuwa mfalme bali mshauri wa mfalme, mwanachuoni aliyeitwa Yajnavaraha. Mwizi akauona uzuri wa jiwe, akaubeba. Mtu aliyekuwa nyuma ya jiwe hakumwona.

Je, hapakuwa na namna nyingine ya kusimulia? Ilikuwepo, tena kongwe kuliko hizo zote.

Mwaka 1296 ujumbe wa mfalme wa China ulifika Angkor. Ndani yake alikuwemo Zhou Daguan, akakaa mpaka 1297. Huyu bwana alikuwa na dharau zake. Aliwaita wenyeji washenzi, akaandika na uvumi, mathalani kwamba mfalme hulala kila usiku na pepo wa nyoka mwenye vichwa tisa. Lakini alikuwa na macho. Aliandika kwamba biashara iko mikononi mwa wanawake. Kwamba soko linaanza asubuhi na kuisha mchana, hakuna maduka, kila mmoja anatandika kitu mfano wa mkeka chini, na kila mwenye nafasi analipa ushuru. Kwamba watu wanapika wali kwa chungu cha udongo na kutumia upawa wa kifuu cha nazi. Kwamba mtu wa kawaida haezeki vigae, anaezeka majani. Nilipofika kwenye upawa wa kifuu nilisimama kusoma. Miaka mia saba imepita, nami nausikia mlio wake ndani ya chungu.

Na wachongaji wa Bayon walifanya hivyo hivyo miaka mia moja hivi kabla yake. Nyuso kubwa za juu ndizo zinazopigwa picha. Teremka kwenye ukuta wa nje: jeshi linapita, majahazi yanapigana na Wacham, lakini pembeni watu wanapiganisha majogoo, wanapika, mwanamke anajifungua, wauzaji wako sokoni na mizani zao. Mchongaji alilipwa kumtukuza mfalme. Akamtukuza, kisha akachomeka mtaa wake mzima chini ya miguu ya mfalme. Huo ndio usanii!

Ukitafuta majina ya watu hawa, utayapata mahali pabaya. Maandishi ya kale ya mawe ya Wakhmer yana lugha mbili. Kisanskriti ni cha mashairi ya kusifu miungu na wafalme. Kikhmer mara nyingi ni cha orodha: mashamba, ng'ombe, na watumishi waliotolewa kwa hekalu, jina kwa jina. Maandishi ya Ta Prohm ya mwaka 1186 yanataja watu 79,365 kutoka vijiji 3,140 waliolihudumia hekalu hilo moja. Mwongoza watalii huitaja namba hiyo ili mgeni ashangae ukuu wa mfalme. Mimi ninaisoma nikiwaza ni nani aliyepika wali.

Nyumba za watu hao zilikuwa za miti na majani, hata jumba la mfalme lilikuwa la mbao. Jiwe lilikuwa la miungu. Mbao zikaoza, mawe yakabaki, na sisi tukadhani mawe ndiyo mji. Mwaka 2012 wataalamu walipima eneo hilo kwa mionzi ya leza kutoka kwenye helikopta, wakaona chini ya miti alama za mitaa, vidimbwi na viwanja vya nyumba. Mwaka 2021 walikadiria kwamba Angkor nzima ilikuwa na watu kati ya 700,000 na 900,000. Kumbe wahusika walikuwepo siku zote. Msimulizi ndiye hakuwatazama.

Turudi siku ya tatu, ya vijiji. Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Tonle Sap ni ziwa la ajabu: msimu wa mvua mto Mekong unafurika, maji yanarudishwa nyuma, na ziwa linavimba mara kadhaa ya ukubwa wake. Watu wamejipanga na hilo vizazi kwa vizazi. Hiyo ni elimu, hicho ni kisa. Lakini ziara inampa mgeni saa chache za kupiga picha umaskini wa mtu kutoka kwenye boti. Haimwambii kwamba nchi hii ilipita kwenye kinu cha Khmer Rouge kati ya 1975 na 1979, na kwamba bibi unayempiga picha ana mambo aliyoyaona. Haimwambii kwamba Wakhmer nao wana riwaya, na kwamba Nou Hach aliandika miaka ya 1940 kuhusu mapenzi ya vijana na ndoa za kupangiwa.

Na kuna sura ambayo haimo kabisa kwenye ratiba. Kuanzia 2022 serikali ya Kambodia ilianza kuwahamisha watu waliokuwa wakiishi ndani ya eneo la Angkor, kwa mpango unaohusu familia zipatazo 10,000, kwenda sehemu kama Run Ta Ek. Serikali inasema wamehama kwa hiari na kwamba inayalinda mahekalu. Shirika la Amnesty International, katika ripoti yake ya Novemba 2023, lilisema watu walilazimishwa. Sitajifanya hakimu. Lakini kama mhakiki nina haki ya kuuliza: ziara inayomwuzia mgeni "maisha ya wenyeji", inawezaje kunyamaza wenyeji wakifungasha virago?

Ingekuwa juu yangu, ningeupindua muundo. Ningeanzia ukuta wa nje wa Bayon, kwenye mama wa sokoni, na Zhou Daguan mkononi. Ningepita vijiji siku ya pili, mgeni akae chini, asimuliwe na mwenye nyumba kwa saa anazotaka mwenye nyumba, naye alipwe kwa usimulizi wake. Angkor Wat ningeiweka mwisho, asubuhi ya siku ya tatu. Jua likichomoza, mgeni awe anajua jua hilo linawaamsha akina nani.

Nakiri jambo moja kabla sijamaliza. Baada ya kuandika haya niliufungua mswada wa riwaya yangu, ule ninaojisifia kwa marafiki. Sura ya nne kuna mama anauza samaki stendi. Anatoa habari inayobadilisha maisha ya shujaa wangu, halafu anapotea. Nikatafuta jina lake kurasa zote. Hana. Nimekaa naye siku tatu sasa, nimeshajua ana watoto wangapi na deni anadaiwa na nani. Jina bado hajaniambia.

Nanyi fungueni yenu, mtazame.