Dawa Ikishatoka Kwenye Kichupa

Kichupa cha atesuneti, dawa ya malaria kali, kina unga wa miligramu 60, na unga huo peke yake haumponyi mtu. Huchanganywa kwanza na mililita moja ya sodiamu baikaboneti, hutikiswa mpaka utakate kabisa, kisha huongezewa mililita tano za maji ya chumvi ikiwa dawa itapita mshipani. Hapo kila mililita inabeba miligramu 10. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo. Ni miligramu 30, basi ni mililita 3. Saa moja ikipita kabla haijachomwa, inamwagwa. Hesabu hiyo hufanyika katika vituo vya afya vya Ruashi, Lubumbashi, wakati wa mvua, umeme umekatika, shangazi kashika tochi ya simu, mama kamshika mtoto aliyetoka kwenye degedege muda si mrefu. Anayeifanya ni muuguzi.

Wauguzi tunawasifu sana kwa moyo wao: huruma, subira, ulimi laini. Wanastahili. Ila mimi nataka kusifu ujuzi wao wa dawa, ule unaokaa kichwani na kwenye vidole, kwa kuwa maisha mengi ya mji huu yamepita humo bila mtu kuutaja.

Chukua kwinini. Pelletier na Caventou waliitoa kwenye ganda la mkwinini huko Paris mwaka 1820, na baadaye mti wenyewe ukapandwa Kivu, upande wa Bukavu. Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini ndani ya seromu. Ni dawa kali. Ikiingia mshipani kwa haraka inaweza kuuyumbisha moyo hata kuua, kwa hiyo hutiririshwa polepole, kama saa nne. Sasa tazama kazi iliyopo. Chupa ya mililita 500, mpira unaotoa matone 20 kwa mililita: jumla matone 10,000. Yagawe kwa dakika 240, unapata karibu matone 42 kwa dakika. Muuguzi husimama, jicho moja kwenye saa, jingine kwenye tone, anakaza na kulegeza kigurudumu mpaka hesabu ikae. Halafu anarudi tena baadaye, maana mgonjwa akigeuza mkono tu mwendo umeshabadilika.

Na hata matone yakienda sawa, kwinini ina tabia nyingine. Inalisukuma kongosho kumwaga insulini, na sukari ya damu inashuka. Mtoto aliyezimia kwa malaria na mtoto aliyezimia kwa kukosa sukari hulala vilevile kitandani. Asiyejua dawa atasema ugonjwa umezidi. Anayejua atatoboa kidole, atapima sukari, atatoa glukosi, na mara nyingine mtoto atafumbua macho hapohapo. Sijui kazi gani ya mikono inayozidi hiyo kwa uzuri.

Mwaka 2010 matokeo ya utafiti mkubwa yalitangazwa, yakihusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesuneti, asilimia 8.5. Shirika la Afya Duniani likaiweka atesuneti mbele. Mwaka 2015 kipimo chenyewe kikarekebishwa: watoto walio chini ya kilo 20 wakapandishwa kutoka miligramu 2.4 hadi 3 kwa kilo, kwa sababu kwa kipimo cha zamani dawa ilikuwa pungufu katika damu yao. Mwanafunzi anaweza kuona ni tofauti ya kukariri tu kwa ajili ya mtihani. Kwa mtoto wa kilo 10 ni miligramu 6. Ndiyo maana muuguzi hodari hatosheki na kilo za kukadiria kwa macho. Atamwambia mama amvue mtoto nguo nzito, ampandishe kwenye mzani.

Wale wanaosoma uuguzi katika chuo cha ISTM, na hata wadogo zao wa shule za ITM, hufundishwa njia ya dawa mwilini: inavyoingia, inavyosambaa, ini linavyoivunja, figo zinavyoitoa. Darasani ni mchoro wa mishale. Katika chumba cha uzazi mchoro huo unakuwa mama mwenye kifafa cha mimba. Anachomwa magnesiamu salfeti, dawa inayomkinga na degedege jingine, na ambayo hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikizembea, dawa inajilundika: kwanza goti linaacha kuruka likigongwa, kisha pumzi inafifia. Kwa hiyo kabla ya kila kipimo kipya muuguzi hugonga goti, huhesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, hutazama mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima ile ya kwanza, iko tayari pembeni. Kimoja kikikosekana, sindano inasubiri, hata kama karatasi ya daktari inasema saa imefika. Huo ni uamuzi wa muuguzi, na ni wa kitaalamu kabisa.

Hospitali kubwa ambako wagonjwa wa Ruashi hupelekwa mambo yakizidi ina jina la Jason Sendwe. Wengi wanamjua kama mwanasiasa, kiongozi wa chama cha Balubakat aliyeuawa mwaka 1964. Alitamani kuwa daktari. Kongo ya Wabelgiji haikuwa na shule ya kumfikisha huko, akahubiri, akafundisha, akafanya uuguzi. Napenda kwamba nyumba ile ina jina la mtu aliyeifanya kazi hii.

Kuna elimu nyingine isiyoonekana kabisa. Oksitosini, vizio 10 kwenye msuli mara mtoto anapozaliwa, humzuia mama kutokwa damu nyingi. Inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto inapoteza nguvu, na rangi haibadiliki, harufu haibadiliki. Kichupa kilichokufa kinafanana na kilicho hai. Katika mji ambao umeme huondoka bila kuaga, muuguzi anayesoma kipimajoto cha friji asubuhi na jioni na kuandika anazuia damu ya mama ambaye bado hata hajaanza uchungu.

Na kuna kuuliza. “Mama, kule ku nyumba mulimupatia dawa gani?” Swali hili linahitaji sauti isiyo na ukali, maana mama akiona aibu ataficha. Ataficha sharubati ya homa ya asubuhi na vidonge vilivyonunuliwa barabarani, na huenda vyote viwili ni parasetamoli yenye majina tofauti. Kipimo chake ni miligramu 15 kwa kilo kila mara. Ukirundika juu yake kingine, ini la mtoto ndilo linaloumia. Namwona muuguzi anayepata jibu la kweli kwa swali hilo kuwa fundi sawa na anayeupata mshipa wa mtoto mchanga.

Mtoto wa atesuneti akishaanza kumeza, sindano zikiwa zimefika angalau tatu ndani ya saa 24, hupewa vidonge vya mseto vya siku tatu. Hapo familia hufunga vitenge, pikipiki inangoja nje, kila mtu anataka kurudi mtaani kwake, Matoleo au Kalukuluku. Muuguzi anawashika kidogo. Anamwambia mama arudie mwenyewe jinsi atakavyotoa vidonge, mpaka cha mwisho, hata mtoto akianza kucheza. Kisha anamweleza lile ambalo wengi hawalijui: kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya atesuneti, baadhi ya wagonjwa chembe zao za damu huvunjika, wakati malaria yenyewe imeshaondoka. Viganja vikipauka, macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi, warudi siku hiyohiyo, usiku au mchana, na waje na fishi ya matibabu. Anaandika tarehe ya sindano ya kwanza juu kabisa ya fishi, kwa herufi kubwa, ili atakayempokea mtoto huyo aanze na hapo.