Sauti ya Katikati

Kila Jumamosi kijana mmoja au wawili hunijia pale tunapokutana Bukoto na kujisifu: "Kaka, niko na nyimbo elfu moja kwenye memori." Namuuliza za nani. Anafungua simu, tunaangalia pamoja. Track 01. Track 02. Track 07 ziko tatu, na zote ni nyimbo tofauti. Mwanamuziki: Unknown Artist. Tunacheka. Halafu mimi naacha kucheka mapema kuliko yeye, kwa sababu baadhi ya hizo faili nilizitengeneza mimi.

Katika jarida hili tumezoea kuhakiki vitabu, mashairi na michezo ya vijana. Leo naomba nihakiki kitu ambacho wengi hawakioni kama kazi ya mtu: namna tunavyotoa muziki kwenye CD na kuubana ili uingie kwenye simu. Nasema ni kazi ya mtu kwa sababu kuna mtu anayekaa mbele ya kompyuta na kuamua kibaki nini na kitupwe nini. Na anayeamua anaweza kuamua vibaya.

Tuanze na CD moja nzuri. Papa mmoja jirani yetu, mtu wa Uvira, alikimbia na mfuko wa CD ishirini na kitu. Wenzake walibeba godoro na sufuria, yeye alibeba muziki. Mpaka leo anajicheka mwenyewe. Kati ya hizo CD iko Virunga Volcano ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, iliyotolewa na lebo ya Earthworks ya Uingereza mwaka 1990, ikiwa na nyimbo walizorekodi Nairobi miaka ya 1980. Samba ni mzaliwa wa Matadi. Katikati ya miaka ya 1970 alitoka Zaire, akafika hapa Uganda, akaanzisha kundi la Les Kinois, na mwaka 1977 akaendelea mpaka Nairobi. Kwa hiyo msimwone kama mtu wa mbali. Njia aliyopita tunaijua kwa miguu yetu.

Humo ndani kuna wimbo "Malako", na ndio niliotumia kupimia. Uzuri wa muziki wa namna hii hauko kwenye sauti moja. Gitaa moja inaongoza, nyingine inajibu katikati, nyingine inashikilia mwendo, besi inatembea chini yao, matoazi yanachapa juu. Ile gitaa ya katikati wanamuziki wetu wanaiita mi-solo. Ukiisikiliza peke yake haisemi jambo kubwa, inarudia-rudia tu. Lakini iondoe uone. Seben inabaki na mbio bila utamu, na miguu inakataa kuinuka.

Sasa tuje kwenye kubana. CD hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, kushoto na kulia. Ndiyo maana dakika moja inakula karibu MB 10, na wimbo wa dakika 10 unapita MB 100. Memori ya GB 2 ingejaa kwa saa tatu na kidogo. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inashusha mzigo huo mpaka karibu MB 1 kwa dakika, na memori ileile inabeba zaidi ya saa 30. Kwa mtu aliye Nakivale au Kyangwali, anayenunua bando la mia tano na kuchaji simu kwa sola ya jirani, hilo si jambo dogo. Bila kubana asingesikia kitu kabisa. Kwa hiyo mimi si adui wa kubana.

Ila tuelewe inavyofanya. MP3 haikunji muziki kama unavyokunja nguo ndani ya mfuko, maana nguo ukiikunjua inarudi ilivyokuwa. MP3 inachagua. Inahesabu ni sauti zipi sikio la mtu halitazisikia kwa kuwa zimefunikwa na sauti kubwa zaidi, halafu inazitupa. Zikishatupwa hazirudi. Kazi hii kwa sehemu kubwa ilifanywa na wahandisi wa Ujerumani, wengi wao wa taasisi ya Fraunhofer, na jina la .mp3 lilichaguliwa Julai 1995. Mmoja wao, Karlheinz Brandenburg, amesimulia kwamba wimbo mmoja aliokuwa akiupimia ni "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, mwanamke Mmarekani anayeimba peke yake bila chombo hata kimoja. Mwanzoni sauti yake ilitoka mbovu, wakarekebisha mpaka ikatoka safi. Ni kipimo kigumu, siwadharau. Lakini niliposoma habari hiyo nilitamani pale maabara angekuwepo na mtu wa Kinshasa, mkononi ana seben ya gitaa tatu, anauliza maswali yake.

Basi mimi nikafanya maabara yangu. Nilitengeneza "Malako" tatu: moja kama ilivyo kwenye CD, moja MP3 ya kilobiti 192, na moja MP3 ya kilobiti 48, mono. Nikawawekea vijana wanane pamoja na Papa, bila kusema ipi ni ipi. Kwenye spika kubwa hakuna aliyeweza kutenganisha ya kwanza na ya pili. Hata mimi nilibahatisha. Wale wanaosema MP3 zote ni takataka waje Bukoto wapime masikio yao. Ya tatu wote waliitambua, matoazi yalikuwa kama mchele unaooshwa kwenye sufuria. Tulipohamia kwenye spika ya simu, nusu yao hawakuona tena tofauti, maana ile spika yenyewe ni ndogo na ni moja.

Papa ndiye aliyevaa spika za masikioni. Alisikiliza ile ya tatu, akazivua, akaniangalia.

"Mwimbo iko yenyewe. Lakini gitare ya katikati iko wapi? Mumeifukuza?"

Alikuwa sahihi. Katika kurekodi, mara nyingi gitaa moja huwekwa zaidi kushoto na nyingine zaidi kulia, ili zisigombane. Mono inazirundika zote mahali pamoja. Halafu kipimo cha kilobiti 48 kinakuta vitu viwili vinavyofanana mahali pamoja, kinaokoa chenye nguvu. Mi-solo haina nguvu. Kazi yake ni kujibu.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ni hii: 192 inatosha kwa muziki wetu, 128 inavumilika kwenye simu, na 48 mono iachiwe mahubiri na matangazo.

Hukumu ya pili ni kwa vijana wa vibanda wanaotujazia memori, na hapo MP3 haina kosa lolote. Wimbo wa dakika kumi unakatwa dakika ya nne, sauti ikishushwa polepole, pale hasa ambapo watu wangeinuka kucheza. Wanasema wateja wanataka nyimbo nyingi. Lakini rumba bila seben ni kumwalika mtu kwenye sherehe na kumrudisha mlangoni. Nyimbo mia nne zilizokatwa ni chache kuliko nyimbo mia nzima.

Hukumu ya tatu ni majina. CD nyingi za kiwandani hazina majina ya nyimbo ndani yake. Ziko sauti tu, na urefu wa kila wimbo. Kompyuta inapokuonyesha majina, imeyatafuta kwenye intaneti. Kama bando limeisha, inaandika Track 01. Majina yenyewe yako kwenye karatasi ya kava, na karatasi ni kitu cha kwanza kupotea mtu anapokimbia. Wasomaji wa hapa siwaelezi habari ya kupoteza karatasi na kuandikwa jina ambalo si lako.

Sasa nifike kwa mhakikiwa wa mwisho, ambaye ni mimi.

Kabla ya kupima chochote, nilikuwa nimeshabana CD zote za Papa. Ndugu zake walioko Nakivale walikuwa wanaziomba, na mimi nilikuwa na haraka. Nilichagua kilobiti 48, mono, ili faili ziende kwa WhatsApp bila kumaliza bando. Nilimaliza mfuko wote jioni mbili, nikajiona fundi. Faili kubwa nilizifuta, laptopu ilikuwa imejaa. CD zenyewe niliziacha dirishani, juani, wiki nzima.

Virunga Volcano haikupata shida. CD ya kiwandani ni ngumu, na hata ingevunjika, nakala nyingine ziko duniani. Lakini ndani ya mfuko ilikuwemo CD moja ya kuchoma nyumbani, imeandikwa juu kwa maka: kwaya, Uvira. CD ya kuchoma hutunza sauti kwenye tabaka la rangi, na rangi huchoka kwa jua na joto. Nilipoirudisha kwenye kompyuta ilizunguka, ikalia, ikanyamaza. Tulijaribu laptopu tatu. Sijui kama ilikuwa imeshaanza kuharibika tangu zamani au ni lile dirisha langu. Nilichojua ni kwamba zimebaki nyimbo saba za kilobiti 48, mono, Track 01 mpaka Track 07, na hakuna nyingine popote.

Mke wa Papa alikuwa akiimba alto katika ile kwaya. Alifariki kabla hawajavuka mpaka. Alto, kwa wasioimba, ni sauti ya katikati: juu yake soprano, chini yake tenori na besi. Watu wakitoka kanisani wanaimba soprano njiani. Alto hakuna anayeiimba njiani.

Nilimwita Papa, nikamweleza nilichofanya, nikamvalisha spika za masikioni. Alisikiliza wimbo wa saba macho yamefungwa.

"Namusikia," akasema. Kisha, "Ananipotea." Tukakaa. "Eh, huyu hapa. Ah, amepotea tena."

Nilimwambia anisamehe. Akanijibu: "Mutoto yangu, haukujua. Lakini sasa unajua."

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza tu kama faili ni nzuri au mbaya. Nauliza kwanza: kuna nyingine? "Malako" ya kilobiti 48 ni nakala mbovu, ifute, tengeneza upya. Kwaya ya kilobiti 48 ndiyo kitu chenyewe sasa, hakuna cha nyuma yake. Kijana mmoja alishauri tuigeuze iwe kilobiti 320 ili "ipande". Nilikataa. Faili ingenenepa, sauti isingerudi, na kila unapobana kilichokwisha kubanwa kuna kingine kinatupwa. Tumeinakili vilevile ilivyo na kuiweka mahali patatu: kwenye laptopu yetu, kwenye flashi, na kwa binti yake. Halafu tulikaa na Papa tukaandika majina ndani ya faili. Mahali, nyimbo, mwalimu wa kwaya, na waimbaji kumi na mmoja kati ya kumi na wanne. Watatu hakuwakumbuka. Anaendelea kupiga simu kuwauliza watu.

Kwa wenye CD majumbani, Bukoto au kambini, nimejifunza utaratibu huu. Anzeni na zile zilizoandikwa kwa kalamu: kwaya, harusi, kilio, redio ya mtaani. Za kiwandani zinaweza kungoja. Toeni kwanza kwa FLAC, ambayo iko tangu 2001 na ni ya bure. Hiyo ndiyo inayokunja kama nguo: faili inashuka mpaka karibu nusu na hakuna kinachotupwa. Ile FLAC itunzeni. MP3 za kugawia watu zitoke kwenye FLAC, si kwenye MP3 nyingine. Majina yaandikwe siku hiyohiyo, mzee akiwa amekaa pembeni. Na seben msiikate.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa: asanteni kwa spika, tunazo za kutosha. Laptopu mnazotuletea siku hizi hazina tena mahali pa kuingizia CD. Tunaomba visomaji vya nje vya waya wa USB, na diski ya kuhifadhia. Ni vitu vidogo. Lakini zile CD zinazeeka kila siku, na wanaojua majina wanazeeka nazo.

Yule kijana wa Track 07 tatu alirudi Jumamosi iliyopita. Tukazifungua moja moja. Ya kwanza ni ya Franco, ya pili ni muziki wa kuabudu sijui wa wapi, na ya tatu ni ya kwaya ya Uvira, imefika kwake kwa njia ambazo hata yeye hazikumbuki. Nikamkalisha chini, tukabadilisha jina kwenye simu yake kabla hajaondoka.