Baada ya Vuta N'kuvute: Njia ya Kuzisoma Riwaya za Adam Shafi

Msomaji anapompenda mtunzi kwa kitabu kimoja, hatua yake ya pili ina hatari. Aghalabu hutafuta kitabu kingine kinachofanana na kile cha kwanza, na asipokipata humshitaki mtunzi kwa kosa la kutojirudia. Hali hii imemfika Adam Shafi kwa namna ya pekee. Wasomaji wengi wa leo wamemjua kwa Vuta N'kuvute (1999), na filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya hiyo, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, imewaongeza. Wakiulizwa juu ya riwaya zake nyingine, hutaja majina tu. Wahakiki nao wamechangia kosa hili, kwani mara nyingi wameziweka riwaya za mwanzo katika kapu moja la “dhamira za Mapinduzi”, wakalifunga kapu.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji wa Vuta N'kuvute njia ya kuzifikia riwaya hizo. Hoja yetu ni kwamba kinachopendwa katika Vuta N'kuvute si mapenzi ya Yasmin na Denge peke yake. Ni namna Shafi anavyoiingiza historia ya Unguja ndani ya mahali pamoja penye kuta na mlango, kisha akatuuliza: ufunguo wa mlango huu anao nani? Swali hilo limo katika riwaya zake zote, na jibu lake hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu.

Tuanze na riwaya inayopendwa. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa, amefungiwa katika ndoa isiyokuwa yake. Hakuna jeshi linalomfungulia. Hutoka mwenyewe, akaingia Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma, katika dunia ya ngoma, taarab na vyumba vya kupanga. Siasa za miaka ya hamsini zinamfikia kwa sababu anampenda mtu anayesakwa na polisi. Georg Lukács, alipoieleza riwaya ya kihistoria, alisema kwamba historia huonekana vizuri zaidi kupitia kwa mhusika wa kadiri kuliko kupitia kwa shujaa mkuu. Yasmin ni mfano mwema wa kauli hiyo. Denge anaijua historia na kuihubiri. Yasmin anaiishi kabla hajaijua, naye ndiye tunayemwamini zaidi.

Kutoka hapo, kitabu cha pili kiwe Kuli (1979). Hapa kuta ni za bandari, na wakati ni ule wa mgomo mkubwa wa Unguja wa mwaka 1948. Rashidi ni ndugu wa Yasmin kwa ufundi wa utunzi. Yeye pia haanzi na fikra, huanza na mzigo begani. Ufahamu wake unakua pole pole, kwa kazi, kwa dhuluma na kwa mafunzo ya wenziwe kama Faraji. Ni kweli kwamba mazungumzo ya wahusika wakati mwingine hugeuka kuwa hotuba, na msomaji aliyezoea ulaini wa Vuta N'kuvute ataliona hilo mara moja. Hata hivyo, kazi yenyewe ya ukuli imechorwa kwa ujuzi ambao hotuba haiwezi kuufunika. Nalo jibu la swali letu ni wazi: ufunguo wa bandari ni mikono ya makuli, na wakiikunja meli hazipakuliwi.

Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ndiyo riwaya ya kwanza kuchapishwa, lakini hatuishauri kuwa ya kwanza kusomwa. Ndiyo yenye udhaifu mkubwa zaidi wa fani. Fuad, bwana shamba wa karafuu, ni mhusika bapa: mvivu, katili, mlafi, wala hapati hata nukta moja ya kutushangaza. Mhakiki anayempenda Shafi hana budi kulisema hili bila kigugumizi, kwani mapenzi yasiyoweza kutaja kasoro ni ushabiki tu. Lakini tazama Kijakazi, mtumishi aliyeimaliza nguvu yake katika kasri hiyo. Huyu ana utumwa ndani ya moyo, na utiifu wake kwa bwana wake unakawia kufa hata pale wenzake wanapoamka. Mapinduzi ya Januari 1964 yanaufungua mlango wa kasri kutoka nje kwa siku moja. Mlango ulio ndani ya Kijakazi haufunguki kwa wepesi huo. Kwa Kijakazi peke yake riwaya hii inastahili kusomwa, na ndani yake tayari tunaiona mbegu ya Yasmin.

Riwaya ya nne iwe Haini (2003), nayo ndiyo inayoweka uzito wote wa mjadala huu. Baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi walikamatwa Unguja, na Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini. Hamza, mhusika mkuu wa Haini, yumo katika seli ya dola iliyozaliwa na Mapinduzi yale yale yanayoshangiliwa katika Kasri ya Mwinyi Fuad. Wanaoshika ufunguo sasa si mabwana shamba wala maofisa wa Kiingereza. Neno lenyewe “haini” limehama kinywa. Machoni pa Fuad, haini angekuwa mtumishi aliyeasi. Machoni pa wakubwa wapya, ni raia anayeshukiwa.

Je, Shafi ameyakana Mapinduzi? Wapo watakaoisoma Haini hivyo, lakini sisi hatukubaliani nao. Mtunzi aliyemhurumia Kijakazi ndiye anayemhurumia Hamza, na kwa sababu ile ile: mtu amefungiwa na mwenye nguvu hataki kuulizwa. Kilichobadilika ni aliyeshika ufunguo, na mtunzi mwaminifu humtazama yeyote aliyeushika. Msomaji akiirudia Kasri ya Mwinyi Fuad baada ya Haini, furaha ya kitabu kile cha kwanza haifutiki. Hata hivyo, inaanza kuuma.

Wa mwisho ni Mbali na Nyumbani (2013), kitabu cha safari ya ujanani ya mtunzi, kuelekea Misri kwa tamaa ya elimu. Hapa hakuna nyumba wala seli, lakini kila mpaka una mlango wake na mlinzi wake. Kisomwe kama ufunguo wa riwaya nyingine: humo tunamwona kijana aliyejifunza mapema kuwatazama mabawabu.

Yafaa kukumbusha pia kwamba wakati Kezilahabi, katika Nagona, na Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka, wanauvunja usimulizi wa kihalisia, Shafi ameushikilia. Baadhi ya wahakiki wameuona ushikiliaji huu kuwa ni uchovu wa fani. Kwa maoni yetu, umemfaa. Milango anayoisimulia ilikuwa na komeo za kweli, na waliofungiwa walitaka habari zao zisemwe kwa lugha ya Unguja inayosemwa mitaani.

Kwa hiyo walimu wa fasihi wanaofundisha Vuta N'kuvute peke yake wanawapa wanafunzi mtunzi mzuri lakini nusu. Anayetaka kumpenda mzima na amsome hadi Haini, kisha arudi nyuma.